Mpima Miti wa Vuhovi

Hapa Vuhovi mpima miti tunamjua kwa mikono: rangi nyekundu haimtoki kwenye kucha, hata siku ya misa. Kila asubuhi anakumbatia mikaratusi mmoja mmoja, anazungusha utepe usawa wa kifua, ananong'ona namba kabla ya kuichora kwenye ganda, kisha analipigapiga shina kama anayemtuliza ng'ombe. Sauti yake ni ya chini siku zote. Ilishuka zaidi siku Mama Rébecca alipokuja kuomba mti mmoja tu, apate mbao za sanduku la kumzikia mumewe. Shamba ni lao, na miti waliipanda wenyewe.

“Hapana, mama. Mulisaina na projet kama hamutakata hata moja. Hii miti iko inameza moshi ya nchi za mbali.”

“Moshi ya nini?”

“Ya motokari yabo, ya ndege, ya ma-usine, viwanda yabo.”

“Bwana yangu alitembeaka na miguu tu, mupaka kufa.”

Alasiri tulimzika marehemu ndani ya mkeka. Mpima miti alichimba kuliko sisi sote. Kaburi lilipotimia, akalipima kwa utepe uleule na, kwa mazoea, akanong'ona namba.