Gitaa Lililotundikwa Juu ya Joto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikandamiza patasi kama nachonga mguu wa kitanda, hadi msimamizi wa karakana akaninyang'anya. Ilikuwa Södermalm, jijini Stockholm, Uswidi, kwenye karakana ya ala za nyuzi, chumba cha chini ambacho madirisha yake yalitazama miguu ya wapita njia. Nilitoka Molo, Kenya, nikiwa seremala wa viti na vitanda, nikidhani mbao ni mbao. Msimamizi, Mswidi mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, akaniambia niubonyeze kwa kidole gumba.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Mwembamba mno. Utavunjika."

"Vizuri. Endelea kuogopa hivyo hivyo. Fundi asiyeogopa simtaki hapa."

Nilimtii kupita kiasi. Mke wangu husema hata chai naikoroga kama mtu anayehofia kikombe kitapasuka.

Ninyi mnaoshika gitaa leo mnaona kitu cha kupendeza. Mimi naona ugomvi. Nyuzi za chuma huvuta mchana kutwa na usiku kucha. Kinachozizuia ni daraja, kile kipande cha mbao ngumu kilichogundishwa usoni, pamoja na mbavu, vijiti vya msonobari vilivyobandikwa kwa ndani. Tulitumia gundi ya ngozi ya ng'ombe, iliyopashwa moto polepole, kwa sababu hiyo hukubali kufunguliwa tena. Kila nilipomrudishia mteja ala yake nilikaa roho juu, nikisubiri simu ya kuambiwa imeachia.

Baadaye nilihamishiwa meza ya banjo, mandolini, fidla na magitaa ya kijadi. Mkuu wa meza hiyo, mama mkali wa sauti na laini wa moyo, aliposikia natoka Kenya alicheka. "Basi nyimbo hizi za country umeziacha nyumbani," akasema. Ni kweli. Kwetu Bonde la Ufa nyimbo za country zilipigwa redioni, hotelini na harusini, na wazee wenye kofia pana walifuta machozi bila aibu. Kilichonishangaza ni kuwakuta Waswidi nao wamezama humo humo. Walikaa duara, bila vipaza sauti, wakipiga nyimbo za kale za milima ya Apalachia, huko mashariki mwa Marekani, ambako wakulima na wachimba makaa waliimba juu ya mama aliyefariki na nyumba waliyoihama. Na banjo yenyewe asili yake ni Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo msiniambie ni muziki wa watu wengine.

Adui wa kazi yetu hapa Stockholm si baridi, ni ukavu. Majira ya baridi nyumba hupashwa joto mpaka hewa inakauka, mbao zinasinyaa, na uso wa gitaa unapasuka. Watu wetu hawalijui hili. Tumekulia kwenye mvua na unyevu. Tukifika hapa tunaiogopa baridi, basi kila tunachokipenda tunakisogeza kwenye joto.

Ndivyo alivyofanya Mama Neema, mjane Mkongomani wa Rissne, kitongoji cha huku Stockholm. Wakati huo nilikuwa karakana ndogo ya Sundbyberg, jirani na hapo, karibu nistaafu. Alikuja na binti yake Neema, muuguzi, wamelifunga gitaa kwa blanketi. Lilikuwa la marehemu mumewe, aliyelipiga Bukavu na kisha katika kambi ya wakimbizi, nyimbo hizo hizo za milimani alizozisikia redioni, akizitilia maneno ya Kiswahili.

"Papa Kariuki, mi nilimutundika juu ya elementi," akasema. Elementi ndiyo ile inayotoa joto chini ya dirisha. "Nilisema baridi isimupate. Asubui nikasikia: pa! Nikajua nimemuua mara ya pili."

"Hujamuua, mama. Amepasuka tu."

"Sauti yake itarudia? Hatuna kaseti, hatuna video. Sauti yake yote iko humu."

Binti alimwambia kitu kwa Kiswidi, kwamba asilie mbele za watu. Mimi nilikuwa nimeshika ule ufa, nao ulitoka darajani hadi chini kabisa.

Mwenye karakana alichungulia ndani kwa taa na kioo kidogo. Mbavu mbili zilikuwa zimeachia. "Weka uso mpya," akasema. "Litalia vizuri kuliko zamani."

"Hataki lilie vizuri. Anataka lilie vilevile."

"Na uso wa zamani ukipasuka tena?" Nililivuta gitaa upande wangu. "Haya, fanya. Lakini likivunjika, utamwambia wewe."

Nililiweka kabatini pamoja na vitambaa vibichi mpaka mbao zikanywa unyevu na ufa ukajifumba. Nikatia gundi, nikabandika viraka vyembamba kwa ndani, nikakaza vibano. Kisha nikaanza kupandisha nyuzi kidogo kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, sikio langu likiwa mgongoni mwa gitaa.

Sasa nimestaafu, naishi Hallonbergen, si mbali na Rissne, na vijana huniuliza kwa nini nyimbo hizi za zamani hazichoshi. Wanangoja nitaje ustadi wa vidole. Mimi huwaambia yaliyotokea Rissne siku nilipolirudisha gitaa lile.

Mama Neema alikaa kwenye kochi akalipakata. Alijua mapigo machache tu, aliyofundishwa na mumewe. Akapiga. Mimi nilisikiliza gundi. Akaacha, akaniangalia.

"Papa Kariuki, ni yeye?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kumsikia. Unayejua ni wewe."

Akapiga tena, macho amefumba, halafu akazizima nyuzi kwa kiganja. "Nimesahau," akasema. "Miaka yote nasema iko humu, kumbe nimesahau."

Nilikuwa nimeogopa gundi, nimeogopa mbavu, nimeogopa daraja. Hili sikuwa nimeliogopa, na hakuna kibano cha kulishika.

Neema alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, bado na koti lake. Huyu siku zote mama yake akimsemesha alijibu Kiswidi. Alikuja akaketi sakafuni, akaegemeza shavu lake mgongoni mwa gitaa, kwenye mbao zenyewe.

"Piga tena," akasema kwa Kiswahili.

Mama akapiga. Binti hakusogea. Niliona midomo yake ikianza kufuata maneno ya baba yake, polepole, moja baada ya jingine.

"Hapa ndiyo nilikuwa nalalia, kambini, akiwa anapiga," akasema. "Ni papa, mama. Usiache."