Kioo Kilicholala Majivuni

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani, na katika mkahawa mmoja wa Makiso, katikati ya mji, kiwiko changu kikasukuma gilasi ya maji kutoka mezani. Nilifumba macho nikisubiri mlio, lakini haukuja. Gilasi ilidunda sakafuni, ikabingirika hadi miguuni pa binti aliyekuwa akihudumu. "Usiogope, Mama," alisema akicheka. "Hii ni plastiki, haivunjikaki." Nilimshukuru. Lakini sikuweza kumaliza chakula changu. Nililelewa katika nyumba ambamo kioo kilitengenezwa kwa pumzi, na kila kilipovunjika tulinyamaza kama waliofiwa.

Nyumba hiyo ilikuwa Mangobo, mtaa mwingine wa mji huohuo. Tulikaa na Koko, mama mzaa mama yetu, mwanamke wa mtoni kutoka Isangi, pamoja na mwanawe wa mwisho, ambaye sisi wajukuu tulimwita Tonton, yaani mjomba. Ujanani Tonton alifanya kazi Yangambi, katika maabara ya utafiti wa kilimo, akitengeneza chupa na mirija ya watafiti. Maabara ilipokosa vifaa, na mishahara nayo ikakatika, alirudi mjini kwa mashua. Mali aliyorudi nayo ilikuwa bomba refu la chuma la kupulizia.

Nyuma ya jiko alijenga tanuri la udongo. Kazi yetu watoto ilikuwa kuokota chupa zilizopasuka kwenye baa za mtaani, kuzitenga, za kijani huku na nyeupe kule, kisha kuzisugua kwa mchanga mpaka vidole vichubuke, kwa maana karatasi ikibaki kwenye chupa, kioo hutoka na ukungu. Mivukuto ilipoanza kufanya kazi, makaa yaliunguruma, na harufu ya udongo unaoungua ikachanganyika na harufu ya pondu, majani ya muhogo, na mawese kutoka chunguni kwa Koko. Tonton alichovya ncha ya bomba katika kioo kilichoyeyuka, kizito kuliko asali, akalizungusha bila kukoma, akapuliza. Mashavu yake hayakutuna. Pumzi ilipanda polepole kutoka tumboni. Tone likawa tufe, tufe likarefuka, na mbele ya macho yetu likawa kioo cha taa ya mafuta. Umeme ulikuwa mgeni wa mara chache, kwa hiyo karibu kila nyumba ya mtaa ule ilimulikwa na kitu kilichotoka kifuani mwa Tonton.

Hata hivyo, kupuliza, alivyotufundisha, ni nusu tu ya kazi. Kioo kikipoa kwa haraka, au upande mmoja ukitangulia mwingine, hubaki na mvutano ndani yake. Hakionyeshi ufa. Huonekana kizima kabisa, kisha siku moja hupasuka. Kwa sababu hiyo kila kilichotoka tanurini kilizikwa katika shimo la majivu ya moto, makaa yakipangwa kukizunguka pande zote, mpaka kesho yake. "Kioo inalala," alituambia. "Musiiamushe." Nasi tulipita pale kwa kunyata, kama penye mtoto mchanga.

Mwaka mmoja wa masika mazito taa ya tabernakulo ya parokia yetu, ile inayowaka altareni usiku na mchana, ilivunjika. Padri alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha Koko, akasema neno lililoigeuza nyumba yetu: "Papa, utuletee taa nzuri kwa sikukuu, na kile chumba nyuma ya kanisa kitakuwa yako, ya kufundisha vijana." Tonton hakuwa na mtoto. Kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa kikohozi kikavu ambacho majani ya Koko hayakukiweza. Jioni ile nilimsikia akimwambia mama yake, "Pumzi yangu inaisha, Mama. Afazali niiachie watoto ya watu." Hakuwa na ombi jingine duniani.

Alivunja taa kadhaa kabla hajapata iliyomridhisha: nyeupe, nyembamba, yenye mdomo uliopinda nje kama ua. Aliizika majivuni alasiri. Usiku mvua ikanyesha bila huruma, na alfajiri, kuni zote zikiwa zimelowa, Tonton akaenda bandarini kutafuta gunia la makaa. Katika ua mzima hapakuwa na moto ila ule wa shimoni, chini ya paa lake dogo la bati.

Ndipo jirani yetu, muuza maandazi, akaingia na kigae mkononi. "Koko, unisaidie moto! Hii mvua imeniua. Makala yote imelowa, na watoto ya masomo iko njiani, wataniletea matusi!"

"Koko, Tonton alikataza," nilisema.

"Nyamaza weye," Koko akanikemea. "Moto haikatazwaki. Mutu anayekatalia mwenzake moto, ni mulozi."

Huo, kwamba anayenyima moto ni mchawi, ndio uliokuwa msemo wa nyumba yetu, na sidhani kwamba palikuwa na ua hata mmoja mtaani uliokuwa na msemo mwingine. Koko alifukua majivu kwa kijiti upande ule uliokuwa karibu naye, akachota makaa, akajaza kigae, kisha akafukia vizuri. Hakuligusa kabisa lile umbo lililolala katikati. Tonton aliporudi, Koko hakumwambia kitu, si kwa kuficha, bali kwa sababu kumpa mtu moto halikuwa jambo la kusimuliwa, kama vile hatusimulii kwamba tumeitikia salamu.

Taa ilitoka ikiwa safi. Siku ya sikukuu iliwashwa, na Tonton akakaa benchi la mbele katika shati lililopigwa pasi mara mbili. Wakati wa kimya baada ya komunyo tulisikia mlio mwembamba, kama wa uzi wa gitaa unaokatika. Taa ikagawanyika, nusu ikaanguka, mafuta yakachuruzika juu ya kitambaa cha altare. Nje, watu walikuwa wakisema kwamba Mungu ameikataa kazi ile. Aliyecheka kuliko wote alikuwa muuza maandazi. "Eh, Tonton! Kioo ya Mangobo! Ulizani padri atasali na chupa ya bia?" Wakacheka hata wasiokuwa na nia ya kucheka. Baada ya wiki chache parokia ilinunua taa nyekundu ya plastiki dukani, na chumba cha nyuma ya kanisa kikajazwa viti.

Tonton aliokota vipande, akaviunganisha mezani, akafuata mstari wa ufa kwa kidole. "Upande huu ilipoa mbele ya ingine," alisema. "Nani alifungua majivu?"

"Ni miye," Koko akajibu. "Mujirani aliomba moto. Weye ungemukatalia?"

Tonton aliondoa kidole kwenye ufa. "Hapana, Mama. Hata miye ningemupa."

Padri hakuelezwa kitu. Tonton hangeweza kueleza bila kumtaja mama yake, na kumtaja mama yake kungekuwa kuitia aibu desturi ambayo yeye mwenyewe aliiheshimu. Tanuri lilibomoka kwa mvua za mwaka uliofuata, na pumzi yake ikaisha kama alivyotabiri, bila kurithiwa. Matangani muuza maandazi alipika, akalia machozi ya kweli. "Alikuwa mutu ya roho nzuri," aliniambia, "ila ile kazi ya kioo ilimushinda." Koko alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwetu. Alisikia, akainamisha kichwa, nami nikameza jibu langu. Sijalitapika hadi leo.

Safari hii nilitembea Mangobo mtaa kwa mtaa. Kila ua una ukuta, kila lango lina kufuli, na kila jiko lina kiberiti chake. Tuliipoteza kazi ya Tonton ili tusimnyime jirani moto, na leo hayupo anayejua kupuliza kioo, wala hayupo anayebisha hodi kuomba kaa la moto. Nilibisha kwenye nyumba iliyokuwa yetu. Sauti ikauliza kutoka ndani, bila kufungua: "Ni nani? Unatafuta nini hapa?" Kabla sijafungua mdomo nikasikia komeo la pili likisukumwa kufunga.