Lenzi ya Baba na Dada wa Bibi Harusi

Nichekeni, wasomaji, lakini kijijini Zombe sirudi hivi karibuni.

Marehemu baba aliniachia lenzi ya zamani, nikaifunga kwenye kamera yangu mpya kwa ringi ya kuunganishia. Hailengi yenyewe. Mimi ndiye ninayeizungusha mpaka sura iwe wazi. Kwenye ntheo ya Kavata, sherehe ya Wakamba ya kupokea mbuzi wa posa, nilikoitwa kupiga picha, nilijigamba mbele ya wazee: "Lenzi hii haijichagulii. Kinachotoka wazi ni kile nimetaka mimi."

Nyuma ya Kavata alisimama dadake, Mwende. Zamani tuliimba naye kwaya, akahamia Mombasa kabla sijapata ujasiri wa kumwambia neno.

Jioni nikaunganisha kamera na televisheni ya kina Kavata. Kavata alikuwa ukungu, Mwende wazi mpaka kope. Picha iliyofuata, vilevile. Hata za mbuzi, mbuzi walikuwa ukungu, na Mwende kule mlangoni pa jikoni, wazi.

"Labda lenzi imezeeka," nikasema.

Mama yao akaweka kikombe chini. "Mwanangu, si ulisema haijichagulii?"

Mwende alikuwa amenifikia na birika la chai. Hatimaye alinitazama, na mimi nikatazama kikombe changu.