Ya Utafiti Tu

Mjomba wangu haamini kitu ambacho hajakiona kikichipua. Ni mtu wa Chiwata, fundi wa kubebesha mikorosho. Hukata kikonyo kwenye mti unaozaa vizuri, hukipachika kwenye mche wa kawaida, hukifunga kwa nailoni, na mche ule hukua ukazaa korosho za mti mwingine kabisa. Nilipokwenda likizo nilimkuta amepanda Newala kumsalimia dada yake, yaani mama yangu. Akaniuliza tena, kama kila mwaka, ni kazi gani hiyo ya mjini isiyotoa jasho. Safari hii niliona fahari, maana nilikuwa na jibu atakalolielewa.

"Ninaotesha, mjomba," nikamwambia. "Ninaotesha chembe za ngozi ya mtu kwenye visahani."

"Ngozi!" Akacheka hadi akakohoa. "Na palizi unafanya?"

Nikatoa simu, nikawaeleza. Katika maabara yetu tunatumia protini moja ya kukuza chembe. Mwili wa kila mtu huitengeneza wenyewe, ila hii yetu hutengenezwa kiwandani na bakteria waliopachikwa maelekezo ya mwili wa binadamu. Hutufikia ndani ya barafu, unga kidogo kiasi kwamba mgeni hudhani kichupa ni kitupu. Kuijaribu, tunakwaruza chembe zilizotandaa kwenye kisahani, tunatia tone la protini, tunasubiri. Nikamwonyesha picha. Ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo mpana katikati, kama njia ya miguu inayokata shamba. Kwenye ya pili, ya kesho yake, njia ilikuwa imefunikwa.

Mama akasogeza kiti. Ana sukari, na wakati huo alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, alichokipata kwa kujikwaa kwenye kisiki, nacho kilikuwa kimekataa kufunga.

"Hicho ni kidonda?" akauliza.

"Sisi tunakiita kidonda, mama." Na kweli ndivyo tunavyokiita.

"Na dawa yenyewe inapatikana?"

"Hapana. Hiyo ni ya utafiti tu."

Nilidhani nimefunga mlango. Nimezaliwa kule, nimebeba maji kule, na bado sikusikia nilichokisema. Kwetu kwenye korosho, utafiti si neno la vitabuni. Watu wa utafiti ndio walioleta miche mifupi inayozaa mapema. Mbegu ya utafiti ndiyo mbegu bora, na mtu akitaka kujigamba hukuzungusha shambani kwake akisema hii yote unayoiona ni ya utafiti. Tena kila kilicho cha utafiti hatimaye hufika kijijini, mradi uwe na subira. Niliposema "ya utafiti tu", ndugu wawili wale walitazamana, na mjomba akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Nikaipokea heshima ile bila kuuliza imetoka wapi. Nilikuwa nimeisubiri muda mrefu.

Nikarudi mjini. Nilipopiga simu mama alisema hajambo, wanasubiri tu. Nikafikiri wanasubiri kidonda kipone.

"Na ile yenu inaendeleaje?" aliniuliza siku moja.

"Vizuri, mama, chembe zinakua," nikajibu kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa hali ya kuku wake.

Yaliyobaki nimesimuliwa na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akimuuguza. Hospitalini Masasi daktari alitaka kukata vidole viwili ili mguu upone. Katika ukoo wetu, mjomba akisema, limesemwa. Naye alikataa, na naomba nisimtukane, maana hakukataa kwa ujinga. Alikataa kwa ufundi.

"Hukati nkorosho wakati vikonyo havijafika," alimwambia daktari. "Nti utakauka bure. Ntoto wetu yuko utafiti, anatuletea ngozi."

Akamrudisha dada yake Newala. Kila asubuhi alimbadilishia kitambaa safi kwa mikono yake mwenyewe, akangoja.

Simu ya mdogo wangu ilipofika, weusi ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo. Nilipoingia Masasi mguu ulishakatwa, chini kidogo ya goti. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, kofia mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye begi langu. "Umekuja nayo? Pale waliposhona bado yaweza kusaidia."

Hasira iliyonipanda sikujua nimshushie nani. Nilitaka kumpigia kelele mzee wa watu, aliyekuwa hajafanya lolote ila kuniamini. Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sijapata, na mjukuu huyo alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi ananitazama. Nikamwambia sikuja nayo. Akasema basi, labda safari nyingine, na mimi nikapita ndani.

Mama alikuwa macho. Nikakaa kando ya kitanda na kumweleza pale pale, kwa sababu nilijua nikikaa kidogo nitaanza kutafuta maneno mazuri.

"Mama, ile protini haijawahi kuwekwa kwenye kidonda cha mtu. Kwenye kichupa chake wameandika kabisa, isitumiwe kwa binadamu."

"Si ulisema ni ya binadamu?"

"Ni ya binadamu. Lakini si kwa binadamu."

Akanitazama kuona kama ninamtania.

"Na ule utafiti?"

"Ni kujaribu tu, mama. Tunajaribu kwenye visahani, tunaandika tulichokiona. Hakuna kinachokuja huku."

Mwenzake wa kitanda cha jirani aliomba maji, mdogo wangu akaenda kumpa.

"Kwa hiyo dawa hukuwa nayo," mama akasema.

"Sikuwa nayo."

"Maneno mafupi hayo, mwanangu." Akavuta blanketi, akalitandaza vizuri pale palipokuwa patupu. "Simu ingeyabeba."