Damu ya Ijumaa

Kwa miaka arobaini Babu Brashi aliandika mabango ya watu: maduka, saluni, shule, hata geti la makaburi. Herufi ikipinda kwa upana wa unywele aliiona akiwa ng'ambo ya barabara, na usingizi ukamruka. Kwa hiyo mtu asidhani mzee huyu alikosa macho. Alikosa adabu tu, tena kwenye jambo moja: sukari.

Sukari ilikuwa kwenye damu yake, na nyingine ilikuwa kwenye kopo. Kopo lilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa kwenye pindo la nguo ya mkewe. Mwaka wa tatu sasa chai yake ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Alinuna, akanung'unika, akatishia kuhamia kwa dada yake, mpaka mkewe akaweka sharti.

"Kila mwezi unapimwa. Ikishuka chini ya kumi, kijiko kimoja. Chini ya saba, viwili. Ikibaki juu, baba watoto, nisisikie neno."

Ikabaki juu. Kumi na tatu, kumi na nne. Mzee akanywa maji yake ya moto, na maneno aliyatoa kama kawaida.

Zahanati ya mtaani haikuwa na mashine, na kile kidude cha kutoboa kidole kiliishiwa vijiti tangu mwaka uliopita. Nesi alitoa damu mkononi, akaitia kwenye kichupa, na saa sita mchana gari likaja kuchukua vichupa vyote kuvipeleka hospitali kubwa. Siku moja Babu Brashi akiwa amekaa benchini, mtaalamu wa maabara alishuka na gari hilo akiwa amefura.

"Dada, vichupa vinakaa mezani tangu asubuhi na joto hili! Chembe za damu ziko hai humo ndani. Zina njaa. Zinaila sukari yote, halafu sisi huku tunamwambia mgonjwa amepona!"

Mzee alisimama pale pale, akaaga, akaondoka kwa mwendo wa kijana. Laiti angebaki dakika moja akasikia nusu ya pili ya yale makaripio! Lakini mwanafunzi mwenye tamaa hamalizi somo.

Mwezi uliofuata alifika zahanati saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mfagiaji. Damu yake ikatolewa ya kwanza, ikakaa mezani saa sita nzima ikijilia sukari yake. Majibu: tisa nukta nne. Mkewe akafungua kabati, akapima kijiko kimoja kwa furaha. "Mungu mkubwa," akasema. Babu Brashi akanywa, akatazama dari, akajiona bingwa.

Kijiko kimoja hakikumtosha. Mwezi wa pili aliamua kuzipa zile chembe muda wa kula mpaka zisaze. Alikwenda Ijumaa saa tisa mchana, gari likiwa limeshaondoka na halirudi mpaka Jumatatu.

"Babu, rudi Jumatatu," nesi akasema, huku amepakata mtoto anayelia na mwingine anamvuta sketi.

"Jumatatu nina bango, mjukuu wangu. Toa tu. Fomu nitajaza mwenyewe, usihangaike."

Nesi aliupenda mwandiko wake. Hata vibandiko vya dawa alimpa aandike. Akamtoa damu, akarudi kwa watoto. Na mzee, kwa herufi nzuri ambazo ungezitundika ukutani, akaandika: *Imetolewa Jumatatu, saa mbili asubuhi.* Jioni nesi akikagua meza aliona kichupa kimoja kimebaki. Hakuisoma ile fomu; aliuamini mkono ulioiandika. Akakitia kichupa kwenye friji kisiharibike.

Jumatatu alasiri nesi aliingia uani mbio, viatu mkononi.

"Babu, kaa chini! Usitembee! Hospitali wamepiga simu. Sukari ni sita, nzuri sana, lakini mashine imepima na potasiamu, ile chumvi ya damu, imepanda mpaka tisa. Moyo unaweza kusimama wakati wowote. Gari liko njiani!"

Babu Brashi akakaa. Kifua, ambacho dakika moja nyuma hakikuwa na neno, kikaanza kumwenda mbio kwelikweli. Mkewe hakupiga kelele. Aliingia ndani, kabati likasikika, akatoka na kikombe. Alikuwa ametia vijiko vinne.

"Kunywa, baba watoto," akasema, machozi yakimdondoka. "Sikuwa nakunyima. Nilikuwa nataka ukae."

Chai tamu aliyoililia miaka mitatu ilikuwa mkononi mwake, na hakuionja. Akamgeukia nesi, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mjukuu wangu, damu ikilala siku nyingi, hiyo potasiamu nayo inaliwa?"

"Hailiwi, inavuja kutoka kwenye chembe. Ikilala siku mbili tatu, hata damu ya mzima inasoma kama ya mtu anayekufa. Lo, na yako ni ya Ijumaa! Mbona wao wamesema ni ya leo asubuhi?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Basi siumwi moyo. Naumwa ujanja."

Akaeleza yote. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kikombe ndani, na hilo ndilo lililomtisha mzee kuliko potasiamu.

Hata hivyo gari lilipofika alipakiwa. Hospitali walimtoa damu mpya, wakaipima pale pale. Potasiamu ya kijana. Sukari kumi na saba. Daktari akamvua soksi, akakuta pini ya kubandikia karatasi imezama kisiginoni, pembeni pameiva usaha.

"Hii imeingia lini?"

Babu Brashi aliitazama. Hakuwa ameisikia hata kidogo; sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi.

Kisigino kilipona baada ya wiki sita, na daktari alisema angechelewa kidogo tu wangezungumzia kukata. Nesi naye alitoa adhabu yake: bango la bure juu ya meza ya vichupa. Liko pale mpaka leo, herufi nyekundu zilizonyooka: DAMU ILIYOLALA HUSEMA UONGO. ANDIKA SAA YA KWELI.

Alipopona kisigino alipimwa kihalali. Kumi na moja. Mkewe akamimina chai, ya mzee bila sukari, na yake akainywa mara moja bila kukoroga.

"Mbona hujatia sukari?" mzee akauliza.

"Tangu siku ulipokatazwa."

"Hata ule mwezi niliopewa kijiko?"

"Nilisubiri upone kwanza."

Mtu aliyeona herufi iliyopinda kutoka ng'ambo ya barabara hakuwahi kuchungulia kikombe kilichokuwa mbele yake. Aliona aibu, akainamisha kichwa.

"Ikifika saba," akasema, "saba ya kweli."

"Tutakunywa wote," akajibu mkewe, akalifunga kabati.