Mlango Nyuma ya Adui

Nakumbuka siku moja, mwanangu, soko zima la Mutaho lilinishangilia, na bado mwalimu wangu akaniangalia kama mtu aliyemwaga chakula cha wageni. Kaa, chai ipo, nikusimulie.

Mimi ni mtoto wa Nyamugari, hapa hapa Gitega, na baba alikuwa fundi cherehani. Ujana wangu ulikuwa wa damu moto. Mkono ulitangulia, akili ikafuata ikichechemea. Baba alipochoka kuwaomba radhi majirani, alinipeleka Muyinga, kwenye kilima walikoishi Watawa wa Fimbo. Walikuwa wanaume wasiooa, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja akisali kwa njia yake alfajiri, halafu wote wakashuka uwanjani na fimbo zao. Mchana walilima maharage na kufuga nyuki. Mnyonge akiwaita walikwenda kumpigania, na hawakupokea malipo, hata ndizi moja.

Mkuu wao, Mzee Salvatori, alikuwa mfupi na mpole, na ukimdharau kwa kimo chake ulijikuta chali unahesabu mawingu. Alitufundisha mapigo mengi, lakini sheria ilikuwa moja. Tulipopigana, wenzetu walikaa duara, na nyuma ya kila mpiganaji waliacha pengo. Pengo hilo tuliliita mlango. Mwenzako akizidiwa, mlango ni wake, na ukimzibia umeshindwa wewe, hata kama yeye yuko chini anatema mchanga. Sheria hiyo iliniudhi kwelikweli. Vita gani hivyo, adui anafunguliwa mlango? Nikadhani ni huruma ya wazee waliochoka magoti. Lakini ndiyo hivyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa linaningoja Mutaho.

Wachukuzi wa baiskeli wa huko walikuja kutulilia. Kulikuwa na mtu mmoja, Karenzo, pandikizi la mtu, aliyesimama njiani kila siku ya soko na kuchukua mkungu kwa kila mchukuzi wa ndizi. Aliyekataa alivunjiwa baiskeli, na mara nyingine mkono. Mzee Salvatori akanitazama, akasema, "Hamisi, we utakwenda. Mi nitakuwa nyuma yako."

Tulimkuta sokoni. Aliponiona alicheka, nami nikafurahi, maana anayecheka hapumui vizuri. Wacha we! Tulizungushana hadi vumbi likapanda juu ya mabanda. Yeye alikuwa na nguvu za fahali, mimi nilikuwa na subira niliyofundishwa Muyinga. Alipoinua fimbo mara ya mwisho nilimgonga kifundo cha mkono, fimbo ikaruka, nikamfagia miguu, akaanguka chali. Soko likalipuka kwa kelele. Sikufichi, nilifurahi hadi nikasahau jina langu.

Watu wakasogea. Duara likabana. Huyu ameshika jiwe, yule mnyororo wa baiskeli, na mmoja anapaza sauti, "Aliye juu mngoje chini! Huyu leo anakufa tu!" Karenzo akatazama nyuma yake kutafuta njia, akaona miguu ya watu pande zote. Uso wake ukawa wa mtoto.

"Hamisi!" Mzee Salvatori aliita. "Mlango iko wapi?"

"Mzee, mi nimeshamaliza. Hawa watu si mi nimewatuma."

"We ndiye umemwangusha. Sasa ni mgeni wako. Mlango iko wapi?"

Mwanangu, kumwangusha Karenzo kulitaka mkono tu. Kumpa mgongo na kuwakabili wale waliokuwa wananishangilia kulitaka moyo wote niliokuwa nao. Nikainua fimbo nikasema, "Nimekuja kwa ajili yenu, na bado niko wenu. Mumuache apite. Anayemtaka, aanze na mi."

Kisha mchukuzi mmoja wa makamo, ambaye mkono wake ulivunjwa na Karenzo huyo huyo, akaangusha jiwe lake, akavuta baiskeli yake pembeni. Pengo likapatikana. "Pita," akamwambia, bila kumtazama. Nikamshika Karenzo bega, nikampitisha hadi barabarani.

Hapo tukakutana na mama mmoja anakuja mbio, jembe begani, kitenge kinamdondoka. Alikuwa mama yake. Walikuwa wamemwambia shambani kwamba mwanawe anauawa. Akampapasa kichwa, mikono, mbavu, akaona yuko mzima, akamzaba kofi moja safi kwa yote aliyowatenda watu. Kisha akanigeukia.

"Ni we umemshinda mtoto wangu?"

"Ego, mama, ni mi," nikajibu, nikajua zamu ya kofi ni yangu.

Yule mama akautazama mkono wangu uliokuwa bado begani kwa mwanawe, akaelewa nani amemtoa hai, akatupa jembe, akainua uso, akapiga vigelegele! Vigelegele vya harusi, mwanangu! Soko lote likavipokea, wanawake wakaitikia, wachukuzi wakapiga kengele za baiskeli, na Mzee Salvatori akacheza katikati ya barabara bila aibu. Karenzo alilia mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hakuna mchukuzi aliyedaiwa ndizi njiani. Nimeshinda mara nyingi baadaye, lakini ushindi mtamu kama ule sijauonja tena.

Basi nasaha yangu ni hii. Shinda. Sikuambii ukubali kuonewa, na anayekuambia hivyo hakupendi. Kaza mkono, simama na mnyonge. Lakini ukishamwangusha mtu, iwe kwa fimbo, kwa maneno au kwa picha za kwenye simu, mwachie njia ya kurudi kwao. Rafiki zako wakiiziba, ifungue wewe, hata wakikununia. Ushindi wako upime hivi: je, mama wa uliyemshinda anaweza kuupigia vigelegele?

Mungu akupe mkono wenye nguvu, na moyo wa kuutawala mkono huo. Upite Gitega, upite Muyinga, mchana kweupe, na waliokuwa adui zako watoke nje kukukaribisha. Gira amahoro, uwe na amani, mwanangu.