Nilibid maua tatu Voi, na partner wangu alikuwa mume nisiyeongea naye

Wakuu, na dada zangu mlio kimya humu, hamjambo. Hii sikuhadithiwa. Ilinipata mwenyewe, Voi, miaka ya sabini.

Nilikuwa mwalimu wa primary. Mume wangu, Mwakio, alikuwa karani wa reli. Akapewa transfer ya Kisumu, akaikubali bila kuniuliza. Nikasema siendi.

Tangu hapo kimya. Nampa chakula, anasema asante, basi.

Jumamosi mchana tukaitwa klabu kucheza bridge. Tungekataa, mji mzima ungejua.

Kwa wasioijua: mnacheza wawili wawili, partner anakaa mbele yako. Kwanza mnabid, yaani kutaja turufu na idadi ya raundi mtakazoshinda. Ukiwa na karata nyingi za aina moja lakini mkono wako, yaani karata zote ulizogawiwa, ni dhaifu, unaweza kuruka juu mapema ili wapinzani wakose nafasi ya kuelewana.

Ni hatari. Partner asipokuelewa mnazama wote.

Na Mwakio hapo hakuwahi kunielewa. Kila nikiruka, anataja juu yangu karata zake mwenyewe.

Wapinzani walikuwa Mzee Salim, mwenye duka la vitambaa, na hedimasta wangu.

Nikapata karata saba za aina ya maua, mfalme na malkia ndani. Zingine takataka. Kopa moja tu.

"Maua tatu," nikasema.

Mzee Salim akacheka. "Mwalimu, wacheza ama watutisha?" Akapass, yaani hakutaja kitu.

Zamu ya Mwakio.

Akazipanga karata. Akazipanga tena. Akaniangalia, na tangu tugombane hakuwa ameniangalia usoni. Mimi najua uso ule, ana mkono mzuri. Sheria hairuhusu hata kukohoa.

"Bwana Mwakio, tunangoja," hedimasta akasema.

"Pass."

Hedimasta naye akapass. Bid ikabaki yangu, kwa hiyo Mwakio, kama sheria inavyotaka, akalaza karata zake wazi mezani: kopa sita, ace na mfalme juu. Ua moja. Angetaja kopa, ningemsaidia na nini?

Nikacheza. Tulihitaji raundi tisa, maana ile tatu huhesabiwa juu ya sita za kwanza. Nikapata tisa, hakuna ya ziada.

Tukirudi nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Nilitaka kusema kopa."

"Nilijua."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Lakini nilikuwa nimeshasema nilicho nacho chote."

Tukavuka reli.

"Haya, niambie ya Kisumu. Sitakukatiza."

Nikamwambia. Mama yangu kule Wundanyi alikuwa hawezi kutembea tena, na hakuna mwingine wa kumtunza. Mwakio alijua anaumwa. Kwamba ni mimi peke yangu, hakuwa amewahi kuuliza.

Msidhani transfer ilifutwa. Alienda peke yake. Nililia stesheni, yeye pia. Lakini barua zilikuja, na akaomba kurudishwa mpaka wakamrudisha.

Nilichojifunza: usiruke kwa hasira, ruka ukiwa na karata nyingi za aina moja. Na partner akiruka, ameshakwambia mkono wake. Mpandishe kama una cha kumsaidia. Kama ni mkono wako tu unaokupendeza, pass.

Wazee wa reli mliocheza bridge, mko humu? Mngekuwa Mwakio, na kopa zile sita, mngenyamaza kweli? Semeni ukweli.